Uzi wa kazi: unampenda, hakupendi. Vipimo, swali la kuuliza na namna ya kutoka

Ramli Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za "nampenda ila haeleweki" zimejaa, na majibu ni yale yale: achana naye, wapo wengi. Anayeuliza anajua wapo wengi. Yeye hawataki hao. Kwa hiyo hapa tuweke namna jambo linavyofanya kazi na kipi kifanyike, yaliyomkuta kila mmoja tuyaache pembeni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kupinga apinge: kinachomshika mtu kwenye mapenzi ya upande mmoja ni matumaini kuliko mapenzi yenyewe. Aliyekataliwa waziwazi analia, anakosa hamu ya kula, kisha anainuka. Anayekaa miaka ni anayepigwa kalenda.

Dorothy Tennov, mwanasaikolojia wa Marekani, aliielezea hali hii mwaka 1979 na kuiita limerensi. Dalili alizozitaja mtazijua: mawazo yanayoingia bila hodi, hali ya moyo kupanda na kushuka kulingana na alichofanya mwenzako, hofu ya kukataliwa, na kipaji cha ajabu cha kuona ishara mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayeiona. Alisema hali hii inahitaji vitu viwili kwa pamoja, matumaini na mashaka. Ukitoa kimojawapo, inaanza kufifia. Makadirio yake ni kwamba mara nyingi hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3, na ikiendelea kulishwa huvuka hapo.

Sasa kipimo. Chukua daftari, wiki mbili, safu tano: nani alianza mawasiliano, je, alijibu ulichouliza, je, aliuliza chochote kukuhusu, je, mlipanga jambo lenye siku na saa, je, lilitimia. Usibadilishe mwenendo wako ndani ya wiki hizo, andika tu. Mwisho wa wiki mbili jumlisha. Safu ya kwanza, ya tatu na ya nne ndizo zenye uzito. Anayekutaka anaanza, anauliza, anapanga, hata kama ana aibu na hata kama ana kazi nyingi. Kama kwenye safu hizo tatu umevuna sifuri au moja, jibu unalo tayari kwa maandishi yako mwenyewe.

Kinachoharibu kipimo ni kuongeza safu ya sita: "alivyoniangalia". Emoji ya moyo haihesabiki. Kutazama status yako haihesabiki, kwenye WhatsApp status hujifungua zenyewe mfululizo mtu akishafungua ya kwanza. "Samahani nilibanwa" haihesabiki mpaka ifuatwe na siku nyingine aliyoitaja yeye.

---

Njiwa wa Maabara

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze nyama kwenye hilo la mashaka, maana wengi wanadhani ni udhaifu wao binafsi.

Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kazi yao kubwa kuhusu ratiba za kuwatuza wanyama, hasa njiwa. Njiwa anayepata punje kila anapodonoa, ukimkatia, anaacha mapema. Anayepata bila kujua ni donoo la ngapi litakalotoa punje ndiye anayedonoa kwa kasi na kwa muda mrefu hata punje zikikoma kabisa. Sasa tazama mtu anayejibiwa leo kwa uchangamfu, kesho anachuniwa, baada ya siku nne anaandikiwa "mambo? nimekumiss".

Kwenye ubongo, Wolfram Schultz na wenzake walionyesha kwa tumbili mwaka 2003 kwamba seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na tuzo, hubaki na msisimko wa kungojea, na msisimko huo huwa mkubwa zaidi pale uwezekano wa kupata ni nusu kwa nusu. Uhakika wa kupata haufikii hapo, wala uhakika wa kukosa.

Na kwa binadamu, mwaka 2011 Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert waliwaonyesha wanafunzi wa kike wasifu wa Facebook wa wavulana. Baadhi waliambiwa wavulana hao wamewapenda sana, wengine wamewapenda kiasi, na kundi la tatu waliambiwa haijulikani. Waliovutiwa zaidi ni wa kundi la tatu, na ndio waliokiri kuwawaza zaidi wavulana hao.

Kwa hiyo anayekuchanganya anakushika kuliko anayekutukana. Si lazima awe na hila. Wengi wanafanya hivyo kwa upole tu.

---

Kiti cha Nyuma

Naelewa. Sasa umwambie au unyamaze? Wapo wanaosema kumwambia ni kujidhalilisha.

---

Ramli Mstaafu

Uliza mara moja. Lengo la kuuliza ni kuua mashaka, kumshawishi hakumo.

Yatosha sentensi tatu: unachohisi, unachopendekeza, na mlango wa yeye kutokea. Mfano: "Nimevutiwa nawe zaidi ya urafiki. Ningependa tutoke Jumamosi mimi na wewe, kwa nia hiyo. Kama wewe huoni hivyo niambie tu, nitaelewa." Basi. Barua ya kurasa nne inamtwisha mtu mzigo wa miaka miwili ya hisia ambazo hakujua zipo, na atajibu kwa huruma, na huruma utaisoma vibaya.

Mahali ni ana kwa ana au kwa simu ya sauti, mchana, penye watu wengine lakini wasiosikia. Usiulize ndani ya gari unaloendesha wewe, wala chumbani kwako, wala popote ambapo hawezi kuinuka na kuondoka. Usiulize mbele ya marafiki. Usiulize siku uliyomfanyia fadhila kubwa au uliyompelekea zawadi, kwa sababu "hapana" yake itaonekana utovu wa shukrani na atakupa kitu cha katikati badala yake. Ukiwa umekunywa, lala. Na usimtume rafiki. Ujumbe ukipita kwa mtu wa tatu unarudi umelainishwa, na nyote wawili mnabaki na nafasi ya kujifanya haukusemwa.

Jibu lisomwe hivi. "Ndiyo" ina siku ndani yake. Mengine yote, "nipe muda", "sipo tayari kwa mahusiano", "ngoja nimalize masomo", "wewe ni kama kaka yangu", yachukulie kuwa hapana. Kama kweli alihitaji muda, atarudi mwenyewe, maana swali lako analo. Hakuna haja ya kumkumbusha.

Usidai sababu. Sababu yoyote atakayotoa utaigeuza kuwa orodha ya marekebisho: akisema huna utulivu utatulia, akisema uko mbali utahama. Hapo umeanza upya.

Kuna wasiotakiwa kuulizwa kabisa: mwenye ndoa, aliye chini yako kikazi, mwanafunzi wako, mgonjwa wako, na yeyote aliyekwisha kukataa mara moja.

---

Shangazi Asiyechoka

Wanangu, hamjamsemea anayependwa. Naye ana sehemu yake katika fujo hii.

Roy Baumeister, Sara Wotman na Arlene Stillwell walikusanya mwaka 1993 masimulizi ya pande zote mbili. Waliopenda walisema walipewa matumaini na hawakuambiwa wazi. Waliokataa walisema walikataa, na wakaeleza hatia, kero na kutojua waseme nini. Nadhani pande zote mbili zilisema kweli. Anayekataa kwa hatia hupunguza makali ya maneno mpaka yanakosa maana, na anayependa hupunguza tena yaliyobaki.

Basi kama wewe ndiye unayependwa na hutaki, sema: "Sina hisia hizo kwako, na sitarajii zibadilike." Neno "kwa sasa" litoe. "Unastahili mtu bora" litoe pia, litajibiwa kwamba wewe ndiye huyo. Kisha mwenendo ufuate maneno: acha gumzo za usiku, acha kumlalamikia kuhusu mpenzi wako, usipokee zawadi, usimbembeleze anapoumia. Wa kumbembeleza ni mtu mwingine. Na ukiona kimya chake kimekukosesha raha siku ya tano, ukatamani kumwandikia "vipi, umenichunia?", shika mkono wako. Hicho ni kiu cha kuabudiwa tu.

Kunyamaza tu na kupotea nako si kukataa. Kunamwachia mashaka, na mleta mada keshaeleza mashaka hufanya nini. Isipokuwa kama unamwogopa mtu huyo: hapo huna deni la maelezo, kata, hifadhi jumbe zake zote, waambie watu wako.

---

Bundi Mwandishi

Tuje kwenye kutoka, maana hapa ndipo panapohitaji mikono.

Simu kwanza. Zima status zake ili zisijitokeze, acha kumfuata kila mtandao, ondoa mazungumzo yake juu kabisa ya orodha. Kama huwezi kuyafuta, yahamishie kwenye faili, mpe mtu unayemwamini, ndipo ufute. Picha nazo hivyo hivyo, na uzime ile huduma ya simu inayokuletea "siku kama ya leo mwaka jana", inafufua mengi. Badilisha mlio wa jumbe: masikio yamefunzwa kuruka kwa mlio ule.

Kumbloki au kumzimia sauti? Ukiwa na uwezo wa kutochungulia, kuzima kunatosha na hakuleti tamthilia. Kama umeshafungua ukurasa wake leo zaidi ya mara moja, bloki. Ukifanya hivyo usimtangazie. Tangazo la kuondoka ni ombi la kuzuiwa.

Muda: anza na siku 90. Hiyo ni namba ya kufanyia kazi tu, haina utakatifu. Ukivunja siku ya 40, endelea na 41. Wanaorudi sifuri hutumia kuvunja kama ruhusa ya kushinda siku nzima wanachungulia.

Jua kwamba siku za mwanzo hali itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla. Mwenendo uliozoea tuzo, tuzo ikikatwa, mara nyingi kwanza hupamba moto ndipo huzimika. Watu wengi hurudi hapo hapo, wakidhani ukubwa wa maumivu ni ushahidi wa ukubwa wa mapenzi.

Mianya inayosahaulika: akaunti ya rafiki unayoiazima "kuangalia kitu", wimbo unaouweka status ukijua ataona, kupita njia anayopita, na ndugu zake unaowapigia kuwasalimia. Kwa marafiki mlionao wote wawili, sentensi moja inatosha: "Naomba msiniletee habari zake, nzuri wala mbaya." Halafu usiulize.

Mawazo yenyewe usiyapige marufuku. Daniel Wegner mwaka 1987 aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na walipoachiwa baadaye walimfikiria zaidi ya waliokuwa na ruhusa tangu mwanzo. Yapangie saa: dakika 20, saa ile ile, mezani, si kitandani, kwa kalamu. Yakija nje ya saa hiyo, andika neno moja la kukumbushia na uyaahirishe. Na kwa nyakati za hatari weka mpango wa "kama hivi, basi vile", njia ambayo Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi: "Nikishika simu baada ya saa nne usiku, basi naiacha sebuleni kwenye chaji." Mpango uliotaja saa na mahali hushikika. "Nitajitahidi" haishikiki.

---

Njiwa wa Maabara

Kuna kazi ya Sandra Langeslag na Michelle Sanchez, 2018, kuhusu walioachana na wapenzi wao. Waliofikiria mabaya ya mwenzao walipungukiwa mapenzi, lakini moyo ukawa mzito zaidi kwa muda ule. Waliojishughulisha na mawazo mengine walichangamka, ila mapenzi yalibaki pale pale.

Kwa hiyo changanya: dakika kumi za kuandika kasoro, kisha papo hapo kitu cha kuchosha mwili au kukusanya akili. Usiandike kasoro ukielekea kulala.

---

Mwana wa Jana

Hilo la kasoro silikubali. Ni kujifundisha chuki. Mtu hajakukosea kitu, kakukataa tu, leo umkalie kikao cha kumsema?

---

Ramli Mstaafu

Hoja yako nzito, na wengi huikosea kazi hii kwa kuandika matusi. Matusi hayapunguzi kitu. Mtu unayemtukana kila usiku bado ni mkubwa.

Fanya hivi. Gawa ukurasa mara mbili: "Niliyoyaona" na "Niliyoyajaza". Andika kila sifa unayompa, kisha jiulize umeishuhudia wapi, mara ngapi, mbele ya nani. "Ni mpole": ulimwona akikasirishwa akatulia, au anaongea tu kwa sauti ya chini? "Ananielewa": alisema nini kilichoonyesha kuelewa, au alitikisa kichwa? "Tungeishi vizuri": hiyo moja kwa moja upande wa kulia, haijatokea. Endelea mpaka uishiwe. Upande wa kulia utakuwa mrefu, wa kushoto utabaki na mistari michache, na hiyo michache ndiyo mtu mwenyewe. Mara nyingi ni mtu mzuri wa kawaida, anayechelewa kujibu, mwenye mambo yake.

Stendhal, mwandishi wa Ufaransa, aliliona hili mwaka 1822: tawi kavu likitupwa kwenye machimbo ya chumvi ya Salzburg, Austria, baada ya miezi hutolewa limejaa fuwele zinazometameta, na tawi lenyewe halionekani tena. Fuwele ni kazi ya kichwa cha anayependa. Kukaa mbali kunazikuza, kwa kuwa aliye mbali hakukosei.

Zoezi hili linauma kwa namna yake, na wengi hulikimbia katikati. Kwenye safu ya kulia kuna nyumba, safari, majina ya watoto, mtu wa kukupokea ukirudi umechoka. Ukiikata unaomboleza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na huwezi kumpigia mtu simu akupe pole. Bado ni msiba. Upe nafasi yake. Na baadhi ya yaliyomo humo ni yako halali: kama ulichojaza zaidi ni "angenisikiliza", basi unahitaji watu wa kukusikiliza, na hilo linaweza kuanza wiki hii bila yeye.

---

Kiti cha Nyuma

Na kama mko ofisi moja? Huwezi kubloki mtu wa meza ya pili.

---

Bundi Mwandishi

Unapunguza mlango badala ya kuufunga. Mazungumzo yawe ya kazi, na yanayoweza kuandikwa yaandikwe kwenye barua pepe au kundi la kazi, si kwa ujumbe binafsi. Salamu moja asubuhi, kama unavyowasalimia wengine. Kumchunia kabisa ni kosa: kunaonekana, kunazungumzwa, na kunakulazimisha kumfuatilia ili umkwepe. Badilisha saa ya chakula. Omba kiti kingine kwa sababu ya mwanga au kelele. Usifanye sehemu yake ya kazi hata kwa dakika tano, na usibaki jioni kwa sababu yeye amebaki. Mkutano wa wawili ukikosa ulazima, ongeza mtu wa tatu.

Mwenzenu wa kazini hata mmoja asijue. Akijua mmoja wanajua wote, na kila anapopita mtaangaliwa ninyi wawili.

---

Shangazi Asiyechoka

Mmeisahau fedha. Vocha, nauli, karo ya mdogo wake, kumfanyia kazi zake za chuo. Kipimo ni rahisi: simamisha kutoa kwa mwezi mmoja bila kueleza wala kununa. Mawasiliano yakikauka pamoja na msaada, unajua kilichokuwa kinazungumza. Yakibaki, bado hayathibitishi mapenzi, yanathibitisha adabu. Na ulichotoa usikidai. Hakukopa, uliweka mwenyewe.

---

Njiwa wa Maabara

Mipaka miwili kabla sijasahau.

Kwanza, Helen Fisher na wenzake mwaka 2010 walipiga picha ubongo wa watu 15 walioachwa karibuni na bado wanapenda. Walipotazama picha ya mpenzi, ziliwaka sehemu za tuzo na za uraibu. Kwa hiyo usishangae mtu mwenye akili timamu anapofanya ya ajabu. Lakini kama usingizi na chakula vimevurugika zaidi ya wiki mbili, kazi imesimama, au unawaza kujidhuru, ondoka kwenye uzi huu uende kwa mtaalamu wa afya ya akili, na kama ni kujidhuru, leo hii, ukiwa na mtu.

Pili, baada ya "hapana" moja, kumtokea nyumbani, kupiga kwa namba nyingine, kutuma maua kwa jina la siri au kufuatilia alipo ni usumbufu, na sehemu nyingi ni kosa kisheria. Uvumilivu unaosifiwa kwenye tamthilia usiulete kwenye maisha ya mtu.

---

Mwana wa Jana

Sawa, nimeelewa la safu mbili. Swali la mwisho: urafiki unawezekana tena? Na vitu vyake nilivyonavyo vinakwendaje?

---

Ramli Mstaafu

Urafiki jipime hivi: fikiria anakutambulisha kwa mchumba wake, na harusi ni mwezi ujao. Kama unaweza kuuliza "mnafunga wapi?" na kusikiliza jibu, jaribu. Kama unaanza kuhesabu uwezekano wa kuvunjika, bado. Na urafiki wenyewe uwe ule ambao ungeridhika nao hata kama hautapanda daraja kamwe.

Vitu: vyote, mfuko mmoja, safari moja, kupitia mtu mwingine. Chaja na kitabu ndivyo vinavyobakizwaga makusudi, kwa hiyo anza navyo. Usiweke barua ndani. Na nguo iliyokaa kwako, ifue kwanza.